Kadi ya pili kwa ajili ya PhysX: GT 1030, GTX 1650 au RTX 3050?

Kitasa: Wakuu, kadi kuu ya michoro ni RTX 5070. PhysX ni teknolojia ya Nvidia ya kuiga fizikia ndani ya gemu, kama vioo kupasuka. Gemu ni za biti 32: Mafia II, Borderlands 2, Batman: Arkham Asylum. Ipi ikae sloti ya pili kwa kazi ya fizikia tu? Au prosesa kali inatosha?

Ubaomama: Prosesa iondoe kwenye hesabu. PhysX ya enzi hizo ilijengwa kwa x87, maagizo ya kale ya hesabu ya prosesa, na mzigo karibu wote huangukia kiini kimoja. Vioo vikianza kupasuka, kiini hicho kinaelemewa, vingine 15 vinapiga miayo, fremu zinaporomoka. RTX 50 zilipotoka 2025 ziliacha CUDA ya biti 32 (mfumo unaoifanya kadi ipige hesabu za fizikia), ndiyo maana kazi ikarudi kwa prosesa. Desemba mwaka huohuo draiva 591.44 ikairudisha PhysX hiyo kwenye kadi, lakini kwa gemu zilizoorodheshwa tu. Mafia II na Borderlands 2 zimo. Arkham Asylum haikuwemo kwenye orodha ya kwanza. Jaribu draiva kabla ya kununua chochote.

NusuSloti: GT 1030 iache. Draiva moja ndiyo inayohudumia kadi zote mbili, na Pascal, kizazi cha 1030, kiliishia draiva za tawi la 580. Ukipanda hadi 591.44, 1030 haitambuliki tena. Ukibaki 580 itafanya kazi, ila ina viini 384 tu, na kadi dhaifu huiweka kadi kuu foleni ikisubiri hesabu za fizikia. Ile ya DDR4 ndiyo balaa: kumbukumbu yake hupitisha GB 16.8 kwa sekunde, wakati ya GDDR5 ni 48. Jina ni lilelile, kwa hiyo soma maandishi madogo.

Feni3: Kati ya mbili zilizobaki, 1650 inatosha kabisa kwa gemu hizo. 3050 ya nini?

NusuSloti: Umeme, mkuu. 3050 ya GB 6 ni wati 70, inakula kutoka sloti yenyewe. 1650 ni wati 75, na baadhi ya matoleo yanadai waya wa pini 6. Ila usichanganye na 3050 ya GB 8, hiyo ni wati 130. Kama 1650 ipo tayari, itumie tu.

Kitasa: Na sloti ya pili haitaipunguzia kasi kadi kuu?

Ubaomama: Inategemea mazabodi. Sloti ya pili ikitokea kwenye prosesa, ya kwanza hushuka kutoka x16 hadi x8, yaani njia za data kutoka 16 hadi 8. Kwa sloti za PCIe 4.0 au 5.0 hasara ni ndogo. Ikitokea kwenye chipseti, kadi kuu haiguswi, ingawa huenda sloti moja ya M.2 (ya diski ya SSD) ikazimika. Kinachoumiza zaidi ni joto: kadi ya pili ikiziba feni za ya kwanza, utapoteza zaidi ya ulichopata. Acha nafasi ya sloti moja tupu.

Waya wa skrini ubaki kadi kuu. Daraja la SLI, kiunganishi cha kadi mbili, halihitajiki. Fungua Nvidia Control Panel, sehemu ya PhysX, uchague kadi ya pili kwa jina, usiiachie ijichagulie. Washa pia kiashiria cha PhysX: ndani ya gemu kitaandika GPU au CPU.

Feni3: Kikiandika CPU, angalia kwanza kama PhysX imewashwa kwenye mipangilio ya gemu lenyewe.