Baba ana MND na tabia imebadilika kabisa, nisaidieni kabla ya Jumatatu

BintiKisauni:
Asalaam aleikum nyote. Baba ana miaka 63. Mwaka jana daktari wa neva alisema ana MND, ule ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli. Mikono imedhoofika, maneno yanatoka mazito. Hayo tulielezwa. Ila sasa hawaulizii tena wajukuu, kutwa yuko barazani kimya, mama akilia yeye anaomba halwa. Juzi kamtumia mtu asiyemjua shilingi 40,000 kwa simu. Ukimwambia, anasema hana tatizo lolote. Nitamfanyaje akubali kwamba anakosea? Naombeni majibu kabla ya Jumatatu.

MzeeWaMakadara:
Binti yangu, baba haambiwi anakosea. Radhi za mzazi ni kitu kikubwa. Msomeeni Yasini, mkae naye kwa upole. Siku hizi mzazi akiugua tu, watoto wanaanza kumhesabia pesa.

Muuguzi_Tudor:
Mzee wangu, dua ziendelee, lakini huyu baba ni mgonjwa wa ubongo pia. Hadi nusu ya wenye MND hupata mabadiliko ya fikra au tabia, na kama 10 hadi 15 katika kila 100 hufikia FTD, yaani kuharibika kwa sehemu za mbele na za kando za ubongo. Protini ya TDP-43 inayorundikana kwenye neva za misuli hurundikana na huko. Nyuma ya paji la uso ndiko kunakotoka kujizuia, kuhurumia na kuanza jambo. Kumbukumbu inaweza kubaki nzuri tu, kwa hiyo atakutajia tarehe ya harusi yako na asione ubaya wa zile 40,000. Kutojitambua ni sehemu ya maradhi. Usibishane naye dada, utaambulia hasira tu. Mpe machaguo mawili, jambo moja kwa wakati mmoja. Ule ukimya wa barazani msiudhanie ni kununa: mwanzishie jambo, saa ileile kila siku.

Kwanza ondoeni sababu nyingine. Anaamka kichwa kinamuuma? Anasinzia mchana? Misuli ya kupumulia ikichoka usiku, hewa chafu hubaki kwenye damu na fikra huzubaa, na hapo mashine ya kumsaidia kupumua kwa barakoa huleta nafuu. Anapewa amitriptyline ya kukausha mate? Nayo huwachanganya wazee. Apimwe pia maambukizi, tezi ya shingo na vitamini B12.

Kuhusu halwa, kinachonitia hofu zaidi ni kasi ya kula. Wagonjwa hawa hujaza mdomo kabla hawajameza, na koo limeshalegea. Chakula kikiingia njia ya hewa, kinachofuata ni nimonia. Msimwachie sinia mbele yake. Mpeni kipande cha kujaa kijiko cha chai, mhakikishe amemeza, ndipo kingine. Akae wima, na asilale mpaka nusu saa ipite.

Wakili_Mtaani:
Jumatatu kuna nini?

BintiKisauni:
Ni mambo ya nyumbani tu.

Wakili_Mtaani:
Mambo gani ya nyumbani yaliyopangiwa siku?

BintiKisauni:
Haya. Jumatatu baba anatia saini, kiwanja cha Bamburi kije kwa jina langu. Karatasi ziko tayari, na laini yake ya simu ninayo mimi. Ndugu zangu wako Uarabuni, mimi ndiye ninayemwogesha. Tukingoja, matapeli watakichukua. Kuna ubaya gani?

Changamwe_One:
Sasa tumeelewana. Uzi huu umetungwa. MND haigusi akili. Stephen Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza, aligunduliwa nao 1963 na mpaka anafariki 2018 alikuwa anaandika vitabu. Unatafuta watu wakuambie baba yako ni punguani ili ukile kiwanja.

BintiKisauni:
Wallahi situngi. Njoo uione nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ilivyobonyea, na ulimi unavyochezacheza mdomoni hata akinyamaza.

Muuguzi_Tudor:
Dalili hizo ni za MND hasa. Hawking alikuwa mtu mmoja, tena ugonjwa wake ulikwenda polepole kuliko kawaida. Wapo wengi ambao akili hubaki salama kabisa, kwa hiyo lazima apimwe. Muulizeni daktari wa neva kuhusu ECAS, kipimo cha fikra na tabia kwa wenye MND kilichotungwa Uingereza. Ni kama dakika 20, na kimeundwa kwa watu wenye mikono na ndimi dhaifu: mgonjwa hutaja au huandika maneno yanayoanza na herufi fulani, kisha muda wa kuyanakili au kuyasoma maneno yaleyale huondolewa, ubaki muda wa kufikiri peke yake. Mlezi huhojiwa kando. Ila alama hutegemea umri, lugha na kiasi cha shule, basi msimhukumu mzee kwa namba za Waingereza.

Wakili_Mtaani:
Jumatatu ahirisha. Uwezo wa kuamua hutazamwa kwa jambo lenyewe: mtu anaweza kuchagua kanzu na asiweze kugawa kiwanja. Daktari amuulize bila wewe kuwepo: kiwanja ni kipi, thamani yake nini, ukimpa binti nani atakosa. Asipoweza kueleza kwa maneno yake, saini hiyo mahakamani inaweza kupinduliwa. Ikiwa ndipo nyumbani pa ndoa, sheria ya Kenya ya mali ya ndoa ya 2013 inataka idhini ya mama. Na mbele ya Kadhi, hiba ya maradhi ya mauti, yaani zawadi anayoitoa mtu akiwa na ugonjwa wa kumuua, hukaa kama wasia: haizidi thuluthi ya mali, na mrithi hapewi ila wenzake waridhie. Wewe ni mrithi.

BintiKisauni:
Kwa hiyo mimi ninayemhudumia nikose?

Wakili_Mtaani:
Hapana. Andika kila shilingi unayotumia, weka risiti, kisha wapigie nduguzo wote kwa pamoja wakusikie.

BintiKisauni:
Nitaahirisha. Lakini laini sirudishi.

Muuguzi_Tudor:
Irudishe, ikiwa na pesa za matumizi ya siku tu. Zilizobaki ziende benki kwenye akaunti ya saini mbili, yake na ya mama, kama daktari ataona bado anaelewa anachokubali. Ukimnyima simu ataazima ya jirani, na huko hutaona anamtumia nani. Na kesho asubuhi muulize mama kama anaamka kichwa kikimuuma. Jibu hilo nenda nalo kwa daktari kabla ya jingine lolote.