Uchovu usioisha baada ya kiharusi: tutegemee mazoezi au dawa?

Binti wa Busia
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, alipata kiharusi miezi tisa iliyopita. Mkono wa kushoto umerudi kwa sehemu kubwa na anatembea kwa mkongojo, lakini uchovu unamwangusha kila siku: akishaoga na kuvaa hulazimika kujilaza, na akiamka baada ya saa mbili husema ni kana kwamba hakufumba jicho. Jamaa waliotutembelea kutoka Tororo walisema amezoea kuhudumiwa, na maneno hayo yalimchoma sana, kwani maisha yake yote alikuwa mtu wa kudamkia shamba. Anameza amlodipini na atenololi za presha, aspirini na dawa ya kolesteroli. Je, mazoezi yatamwongezea nguvu au yatammaliza? Je, kuna dawa ya uchovu huu? Jirani anashauri tusimamishe vidonge vya presha kwa wiki moja ili tuone kama ndivyo vinavyomchosha.

Muuguzi, Arua
Dada, ushauri wa jirani msiufuate hata kwa siku moja. Atenololi ikikatwa ghafla, presha na mapigo ya moyo huweza kupanda kwa kishindo, na presha isiyodhibitiwa ndiyo mlango mkubwa wa kiharusi cha pili. Hata hivyo swali lenyewe ni la haki, kwa sababu atenololi huwachosha baadhi ya watu; mpelekeni kliniki mkiwa na vidonge vyake vyote mkononi, pamoja na vile vya usingizi, maumivu au kifafa kama anavyo, ili daktari aamue kipi kibadilishwe au kipunguzwe taratibu. Ombeni pia apimwe wingi wa damu, sukari, figo na tezi ya shingo. Mweleze daktari kama baba hukoroma sana na pumzi kukatika usingizini, au kama amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, maana huzuni kubwa baada ya kiharusi ni ugonjwa unaotibika.

Dawa iliyothibitishwa kwa uchovu huu bado haipo. Modafinili, dawa ya kumfanya mtu asisinzie, ilijaribiwa Australia, matokeo yakachapishwa mwaka 2017 yakiwa na dalili njema, lakini wagonjwa walikuwa 36 tu. Vitamini za dukani hazitamsaidia ikiwa hana upungufu, na ni fedha ambayo ingelipia vipimo.

Mstaafu wa Mbale
Mpe mzee pole zangu, na umwambie kwamba nilipitia hayo hayo. Karibu nusu ya watu wanaopona kiharusi huupata uchovu huu, hata wale ambao kiharusi chao kilikuwa chepesi, kwa hiyo jamaa zako wasipime uchovu kwa kutazama mkono uliopona. Mimi nilikosea kwa muda mrefu: siku niliyojisikia vizuri nilifanya kazi zote zilizolala, kisha nikalala siku mbili. Mke wangu ndiye aliyeanza kuandika katika daftari la shule saa niliyochoka na nilichokuwa nikifanya, na baada ya wiki tatu tukaona kwamba wageni wengi na redio iliyofunguliwa kwa sauti vilinichosha kuliko kutembea. Tangu hapo ninapumzika kabla ya kuchoka, dakika 20 au 30, wala si saa mbili za mchana zinazoharibu usingizi wa usiku.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Jinja
Mazoezi yaliyopimwa hayatammaliza. Kukaa muda wote ndiko kunakodhoofisha moyo na misuli, hata hatua chache zikawa mzigo. Huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa kwa wiki 12, na waliounganisha ushauri wa kisaikolojia na mazoezi yanayoongezeka kidogo kidogo walipunguza uchovu kuliko waliopata ushauri peke yake.

Kwa baba, daktari akisharidhika, ningeanza na matembezi ya dakika tano uani, asubuhi kabla ya jua kali, mara mbili kwa siku, mtu akiwa upande wake wa kushoto. Aweze kuzungumza anapotembea. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Aongeze dakika moja au mbili kila wiki ikiwa kesho yake hakuamka amechoka kupita kawaida. Kuinuka kitini mara tano hadi nane, siku mbili au tatu kwa wiki, kunatosha kwa miguu. Kwa kuwa atenololi huzuia mapigo ya moyo yasipande, msitegemee kuhesabu mapigo. Presha ikiwa juu ya 180 kwa 110, asifanye mazoezi siku hiyo bali apelekwe kituo cha afya, na maumivu ya kifua, kizunguzungu au udhaifu mpya ni dharura.

Binti wa Busia
Asanteni sana. Vidonge havitakatwa, na Jumatatu tunakwenda kliniki na vyote. Nimemsomea baba maneno ya Mstaafu wa Mbale mara mbili, kisha akaomba daftari aandike mwenyewe kwa mkono wa kulia.