Mrejesho: data za mvua ya Uyole zimekubali

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini wgrib2, programu ya kusoma faili za utabiri wa hali ya hewa, inanitolea mvua na joto visivyofanana kabisa na Uyole hapa Mbeya, kutoka faili za GFS, mfumo wa Marekani wa kutabiri hali ya hewa duniani.

Kaka aliyesema nikague mpangilio wa namba alipatia. Programu inataka longitudo kwanza, ndipo latitudo. Mimi nilianza na -8.9, latitudo ya Uyole, kumbe nilikuwa nasoma bahari ya Atlantiki, jirani na pwani ya Moroko! Sasa naandika 33.5 -8.9.

Bado mvua ilizidi. Dada mmoja akanifungua macho: faili ya utabiri wa saa 3 mbele ina mvua yote ya saa 0 hadi 3, ya saa 6 mbele ina ya 0 hadi 6, kisha hesabu inaanza upya. Nilikuwa najumlisha zote, mvua ileile mara mbili. Sasa nachukua za kila saa 6 tu, na jumla inaingia akilini.

Joto ndilo halijakaa sawa. Kila mraba wa gridi (ramani ya utabiri) una upana wa nyuzi 0.25 za longitudo na latitudo, kama kilomita 28, milima yetu yote inasawazishwa humo. Nimerekebisha joto kwa nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za tofauti ya mwinuko; mchana inakaribia, alfajiri bondeni bado inazidi. Wakulima wa viazi wanaohofia baridi ya Juni siwapi namba hizo kwanza.