Degedege: familia inaamini sindano inaua mtoto. Mhudumu aanzie wapi?

Mhudumu_Mbagala

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaojua tabia za watu na wanaojua tiba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunaozunguka Mbagala na Chamazi, hapa Dar, tunakwama sana kwenye degedege. Mtoto akiwa na homa tu, familia inampeleka zahanati bila kusukumwa. Akikakamaa na macho yakageuka, hapo hapo ugonjwa unahama: si wa daktari tena, ni wa fundi, yaani mganga wa jadi. Na sindano haitajwi, maana "mtoto wa degedege akichomwa anakufa". Tumezoea kujibu kwamba hizo ni imani potofu, na mlango unafungwa. Kwa nini imani hii haivunjiki hata kwa waliosoma? Na mhudumu aseme nini, kwa mpangilio gani?

Tabia_na_Jamii

Ndugu, imani hii haivunjiki kwa sababu imejengwa juu ya mambo mawili ambayo watu wameyaona kwa macho yao, na wameyaona sawasawa.

La kwanza: degedege ya homa kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mara nyingi hukoma yenyewe ndani ya dakika chache. Sasa hesabu muda unaotumika kumwita bibi, kuwasha mkaa, kutafuta kinyesi cha tembo na kumfukiza mtoto. Moshi unapopanda, mtukutiko unakwisha. Ungekwisha hata bila moshi, lakini nani ndani ya nyumba ile atakaa akiangalia tu ili ajue?

La pili ni sindano. Watoto wanaofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, malaria imeshapanda kichwani, kitu cha kwanza wanachopata ni sindano. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2010, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha waliochomwa artesunate (sindano ya malaria kali) walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini, dawa ya zamani, asilimia 10.9. Yaani hata kwa dawa bora, watoto 8 au 9 kati ya 100 hawakupona. Mtaa unawakumbuka hao: alikuwa anapumua, akachomwa, akafa. Saa nyingi zilizopotea kabla ya sindano hazimo kwenye simulizi.

Kwa hiyo ukisema "imani potofu" unamwambia mama kwamba hakuona alichokiona. Hatakubali, na ana haki.

Kuna jambo jingine. Miaka ya 1950 wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma ya Marekani, akina Hochbaum na Rosenstock, walijiuliza kwa nini watu hawaendi kupigwa picha ya kifua kuchunguzwa kifua kikuu ilhali ni bure na gari la kipimo limesogezwa karibu. Jibu lao: mtu hupima kama ugonjwa unaweza kumpata, kama ni hatari, kama tiba itamfaa, na itamgharimu nini. Pima familia yako kwa maswali hayo. Mawili ya kwanza wanayajua kuliko sisi; hakuna nyumba ya Pwani isiyojua kwamba degedege inaua. Shida iko kwenye la tatu. Ndiyo maana bango la kutisha halisaidii kitu hapa. Linaongeza hofu, na mwenye hofu hukimbilia haraka zaidi kwa yule anayemwamini, yaani fundi.

Usishindane na sababu. Shindania mpangilio: hospitali kwanza, mengine baadaye.

Nesi_Zamu_Usiku

Naunga mkono, ila mama apewe kazi ya mikono. Ukimwambia "usifanye kitu" atafanya chochote. Mfundishe hivi kabla siku haijafika:

Mlaze mtoto chini kwa ubavu, mbali na jiko na vitu vigumu. Legeza nguo. Angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni: hatameza ulimi, ila atavunjika jino au kijiko kitamziba. Usimshike kwa nguvu kuzuia mtukutiko. Usimnyweshe chochote mpaka azinduke kabisa na aweze kumeza, kwa sababu kinywaji kinaingia mapafuni.

Ikipita dakika 5, ni bajaji au bodaboda mara moja. Ikikoma mapema, bado anapelekwa siku hiyo hiyo, maana degedege ni dalili na homa ina chanzo chake. Hatari zaidi ni mtoto aliyeacha kutukutika lakini nusu saa inapita hazinduki, au inarudi tena, au shingo imekaza, anapumua kwa shida, viganja vimekuwa vyeupe.

Kuhusu sindano, waambie wazi kitakachofanyika, kwa sababu kinachotisha zaidi ni kile wasichoelezwa. Kama bado anatukutika, anaweza kupewa diazepam, dawa ya kukomesha degedege, kwa njia ya haja kubwa. Atatobolewa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Atapimwa sukari, kwa sababu malaria kali inaishusha na sukari ikishuka nayo inaleta degedege. Ikiwa ni malaria kali, artesunate inachomwa akifika, baada ya saa 12, na saa 24. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kila kilo. Akiweza kumeza, anamalizia dozi kamili ya vidonge vya mseto vya malaria ya siku 3. Bibi akishajua kwamba sindano ya kwanza si ya mwisho, hataogopa sana ile ya pili.

Mtaa_kwa_Mtaa

Mmesahau nani anaamua. Mama akiwa peke yake hatoki. Kuna bibi mzaa baba, na kuna baba mwenye nauli, yuko kazini Kariakoo simu haipokelewi. Mama anaweza kuamini hospitali kwa moyo wote na bado akabaki ndani, kwa sababu mtoto akifia hospitali lawama zote ni zake. Mazungumzo yafanyike siku ya amani, bibi akiwepo, na uanze kwa kumsalimia yeye: "Shikamoo bibi, hapa kwenu mtoto akishikwa na degedege mnaanzia wapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Kabla ya kuondoka, mkubaliane nauli inakaa wapi na dereva gani anapigiwa usiku.

Na fundi mwenyewe asiachwe. Tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na baraza linalosajili waganga. Mpe dalili tatu tu za kumwelekeza mtoto hospitali papo hapo: hazinduki, inarudi, anahema vibaya. Mgonjwa akipona bila kuambiwa kwamba fundi ni mwongo, fundi naye hakupoteza heshima yake.

Dawa_na_Ukweli

Mimi sikubaliani na huu ulaini. "Mengine baadaye" ni maneno mazuri, lakini moshi kwenye chumba kimoja kilichofungwa, kwa mtoto ambaye hajazinduka, unamdhuru. Chale kwa mtoto ambaye malaria imeshamkausha damu ni hatari. Semeni hivyo wazi.

Nesi_Zamu_Usiku

Uko sahihi kaka, tutenganishe. Dua na hirizi havimzuii mtoto kutibiwa, hata wodini. Kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya dua, lisubiri mpaka azinduke na ameze vizuri, maji yawe safi. Moshi, chale na dawa za kunywesha akiwa hana fahamu ni hapana, kabla na baada. Na sababu itolewe kwa mwili: kifua, damu, pumzi. Mashetani msiyaingie, huko mtabishana hadi asubuhi.

Mhudumu_Mbagala

Nimewaelewa sana. La mwisho: kipimo cha malaria kikisoma hakuna, familia inasema "si tulisema si ya hospitali?" Hapo tunajibu nini?

Nesi_Zamu_Usiku

Hilo ni kubwa, na Dar malaria ni chache kuliko mikoa mingi, kwa hiyo litatokea mara kwa mara. Liseme kabla ya kipimo: "Tunatafuta homa imetoka wapi, malaria ni moja tu." Isiposoma, mtoto anaangaliwa kifua, masikio, koo, mkojo, na uti wa mgongo kama shingo imekaza au hajachangamka. Homa kali ya virusi peke yake inatosha kuleta degedege. Paracetamol miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kila baada ya saa 6 inampa nafuu, lakini haizuii degedege isirudi, na hilo mama aambiwe mapema. Isiporudi dawa isisifiwe, na ikirudi hospitali isilaumiwe. Homa ikivuka siku 2 au akikataa kunyonya, arudishwe bila kungoja tarehe ya kliniki.