Kifurushi cha Baba Mkubwa kimefika: gumzo la kikundi cha familia, Moshi

JUMATANO

Neema, saa 4:20 asubuhi
Shikamooni wazee wangu, na habari za asubuhi kwa ndugu wote. Nimetoka Posta hapa mjini, karibu na Mnara wa Saa, baada ya kukuta karatasi ya taarifa ndani ya sanduku letu. Kile kipande cha kupulizia cha tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, tulichoagiza Ujerumani mwezi wa Januari kwa ajili ya bendi ya matarumbeta ya Baba Mkubwa na ambacho sote tulikwisha kukikatia tamaa, kimefika leo kikiwa kizima. Tatizo ni kwamba muuzaji aliturudishia fedha zote tangu mwezi wa Aprili. Sasa mzigo tunao, na fedha zake tulikwisha kuzipokea. Naomba tushauriane kabla sijafanya lolote.

Baba Mkubwa, saa 4:41 asubuhi
Marahaba, mwanangu. Nimefurahi, na papo hapo nimeingiwa na fadhaa. Pasaka tulipiga kwa kuazima kipande cha wenzetu wa bendi ya kule Mamba, na alfajiri ile ya ibada makaburini nilikuwa na hofu muda wote kwamba kitatuponyoka kianguke kwenye mawe. Hebu tueleze, kilikuwa wapi miezi yote hii?

Neema, saa 4:58 asubuhi
Baba Mkubwa, nilikikagua pale pale dirishani. Kibandiko cha kijani cha forodha, kile cha CN 22, kimejazwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu anayeandika taratibu, na thamani iliyoandikwa ni euro 38. Muhuri wa Ujerumani ni wa tarehe 17 Januari, yaani siku tatu tu baada ya sisi kulipa. Namba ya ufuatiliaji inaanza kwa herufi R mbili, zinafuata tarakimu tisa, na mwisho kuna DE, ambayo ni alama ya Ujerumani. Nimeilinganisha na ile iliyomo kwenye simu yangu na ni ile ile. Lakini upande wa nyuma kuna muhuri mwingine, wa duara, wenye jina la Bangkok. Alama ya nchi yetu ni TZ na ya Thailand ni TH, kwa hiyo nadhani mtu mmoja aliyechoka aliisoma vibaya, mzigo ukaenda Asia badala ya kuja Afrika. Ule muhuri wa Januari ndio unaonisumbua moyoni. Muuzaji alitimiza kazi yake yote, na sisi mwezi wa Aprili tulimwandikia kana kwamba hakutuma kitu.

Mjomba, saa 5:30 asubuhi
Mpwa wangu, nakusifu kwa moyo wako, lakini naomba nami nisikilizwe. Hatukumwibia mtu. Tulisubiri siku 78, tukaomba fedha kwa kufuata utaratibu wa soko lile la mtandaoni, nao wakakubali. Zaidi ya hapo, tulioumia ni sisi, kwa sababu kitu kilichohitajika Pasaka kimefika Juni. Nanyi mnajua kwamba fedha zile zilikwisha kutumika kwenye dawa za Bibi, kwa hiyo kuzirudisha ni kuchanga upya. Masoko makubwa kama yale yana bima na hesabu zao. Kifurushi kimoja hakiwatikisi.

Godlisten, saa 5:52 asubuhi
Shikamoo Mjomba. Kwa heshima, naomba nirekebishe jambo moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyejaza lile ombi. Fedha hazikutoka kwenye soko la mtandaoni wala kwenye bima. Zilitoka kwa muuzaji mwenyewe, ambaye ni mtu binafsi anayeuza vipuri vya matarumbeta yaliyotumika, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye taarifa ya marejesho. Zilirudi euro 55 kamili: 38 za kipande na 17 za kusafirishia. Maana yake ni kwamba ametoa kipande, amelipa nauli ya Posta kutoka mfukoni mwake, na hana anachokidai isipokuwa sisi tumwambie. Bila ya sisi kusema, hatajua kamwe kwamba kimefika.

Shangazi, saa 6:15 mchana
Wanangu, nilikuwa na wateja ndiyo maana nimechelewa. Mimi nina kibanda cha vitenge pale Mbuyuni, na naomba niwaeleze jambo ambalo sikuwahi kuliandika humu. Miaka michache iliyopita nilituma doti mbili kwa basi kwenda kwa mteja wangu Singida, mzigo ukapotea njiani, mteja akalalamika, nami nikamrudishia fedha zake kwa simu jioni ile ile ili nisiharibu jina. Baada ya miezi kadhaa nilikwenda harusini huko huko Singida, nikamwona amevaa kitenge kile, chenye maua ya njano ambayo niliyachagua mwenyewe kutoka kwenye robota, na kimeshonwa vizuri sana. Mzigo ulikuwa umemfikia. Alinisalimia kwa uchangamfu, akaketi meza ya jirani, na hakusema neno. Sikumdai, lakini tangu siku ile sijamtumia mteja yeyote mzigo kwa basi kabla ya kutafuta mtu wa kumdhamini, na wapo wateja waaminifu niliowakosa kwa sababu hiyo. Mjomba wenu ana haki ya kutaja dawa za Bibi, na ninajua mchango ni mzito, lakini siwezi kukubali mtu mwingine avae kiatu nilichovaa mimi.

Baba Mkubwa, saa 6:33 mchana
Kipande hicho kinakwenda kupigwa kanisani. Siwezi kukiweka mdomoni mwa kijana wa bendi huku kina deni.

Mjomba, saa 7:10 mchana
Shemeji, nimekuelewa, na simulizi ya Shangazi imenigusa, kwa sababu nilikuwa nafikiria kampuni na sikumfikiria mtu. Bado nasema kwamba kuchelewa kulituumiza. Je, sheria inasemaje, au ni dhamiri tu?

Godlisten, saa 7:46 mchana
Mjomba, sheria nayo iko upande huo huo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba mtu akipokea kitu ambacho mwenzake hakukitoa kwa nia ya kumpa bure, naye akafaidika nacho, anawajibika kukilipia au kukirudisha. Kuchelewa kulitupa haki ya kudai fedha, na haki hiyo tuliitumia yote. Hakutupi haki ya pili ya kubaki na mzigo. Kwa hiyo tunachopaswa kumpa muuzaji ni nafasi ya kuchagua: ama tumlipe upya, ama tumrudishie kipande chake kwa nauli ambayo yeye ataigharamia. Nadhani atachagua fedha, kwa sababu nauli ya kukirudisha Ujerumani kwa rejista inaweza kukaribia nusu ya bei yake.
Kuna mambo ninayosisitiza. Deni ni la euro na wala si la shilingi. Fedha ziliporudi kwenye kadi yangu zilibadilishwa kwa kiwango cha siku ile, zikapungua kidogo, na upungufu huo ni wetu, haumhusu yeye. Yeye alitoa 55 na anadai 55. Pili, Neema amwandikie kupitia kisanduku cha ujumbe cha soko lile lile, mahali oda ilipofanyika, na aombe ankara humo humo. Mtu yeyote akituma kiungo kupitia barua pepe au namba ngeni ya simu, akidai yeye ndiye muuzaji, asilipwe, na namba ya kadi isiandikwe popote ndani ya ujumbe. Kama tungerudishiwa fedha na benki kwa njia ya kupinga malipo ya kadi, tungelazimika kuwaarifu benki pia, lakini kwa kuwa alituma mwenyewe, tunamalizana naye moja kwa moja.

Shangazi, saa 7:59 mchana
Neema, ambatanisha na picha za mihuri yote miwili. Na ajue kwamba hakukosea.

Neema, saa 2:25 usiku
Nimeandika hivi, kisha nikautafsiri kwa Kijerumani kwa programu ya simu: «Kifurushi ulichokituma tarehe 17 Januari kimetufikia leo, baada ya kupitia Bangkok. Ulikwisha kuturudishia euro 55 mwezi wa Aprili. Kipande ni kizima na tungependa kubaki nacho. Tafadhali tutumie ankara ya fedha zako, au utueleze ikiwa unapendelea tukirudishe.» Picha nimeziambatanisha.

IJUMAA

Neema, saa 3:08 asubuhi
Amejibu. Anaomba fedha, zote 55, na ankara ameituma ndani ya oda yetu ya zamani. Anasema kwamba fedha zenyewe hazikumuumiza sana kuliko yale maoni niliyoyaandika mwezi wa Aprili chini ya jina lake, kwamba hakutuma mzigo, na kwamba tangu wakati ule wanunuzi wa nchi za mbali wamekuwa wakisita kununua kwake. Anauliza kama yanaweza kusahihishwa. Nilikuwa nimeyasahau kabisa, na nimeona aibu kubwa.

Baba Mkubwa, saa 3:15 asubuhi
Yasahihishe leo, hata kabla ya fedha.

Neema, saa 3:40 asubuhi
Nimekwisha kuyasahihisha. Nimeandika kwamba mzigo ulitumwa ndani ya siku tatu, ukapotelea njiani bila kosa lake, na ukafika ukiwa umefungwa vizuri. Sasa ni mchango. Jumla ni zaidi ya shilingi laki moja na nusu, pamoja na makato ya kadi.

Mjomba, saa 3:52 asubuhi
Mimi natoa elfu arobaini. Naituma sasa hivi kwenye simu yako.

Shangazi, saa 4:01 asubuhi
Elfu thelathini kutoka kwangu, na nyingine Jumatatu baada ya soko.

Godlisten, saa 9:17 alasiri
Nimelipa ankara yote kwa kadi yangu ili muuzaji asisubiri tena. Michango iliyobaki mnirudishie taratibu. Risiti inaonyesha euro 55, na soko limethibitisha kwamba imepokelewa.

Baba Mkubwa, saa 9:30 alasiri
Asanteni sana, wanangu, na asante shemeji. Kesho ninashuka mjini kwa gari la asubuhi kutoka Marangu Mtoni. Neema, nikute nacho stendi kabla ya saa tano, kwa kuwa mazoezi ya bendi yanaanza saa nane, na kile cha Mamba lazima nikirudishe nikiwa njiani.