Tupeane uzoefu: Nyoka wako alishawahi kutapika chakula? Ulifanyaje?

Mzaramo wa Ohio
Wakuu habari za majukumu. Niko Columbus, Ohio. Kijana wangu ana miaka 12, mwaka jana alinizidi maneno nikamnunulia chatu mdogo, wale wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira. Kala vizuri miezi minne. Wiki iliyopita umeme ukakatika usiku kucha, nje theluji. Asubuhi nafungua mlango wa chumba nakutana na harufu ambayo hata machinjioni sijawahi kuinusa. Panya tuliyempa siku tatu nyuma yuko kwenye kona ya tangi, kaloa, manyoya yamenyonyoka, mkia tu ndio mzima. Koti la kazini nimelifua mara mbili, bado wenzangu wananikwepa kwenye lifti. Wife kasema nichague, yeye au nyoka. Waliopitia hili njooni, naogopa kumlisha tena.

Binti Ngamiani
Umetoka Bongo ukaenda kufuga nyoka? Kwetu Tanga huyo angeshaonja fimbo mchana kweupe. Pole lakini.

Zamu ya Usiku
Yamenikuta. Harufu hiyo haitoki mkuu, hama nyumba.

Fundi Leicester
Mkuu, kilichokuponza ni baridi. Nyoka hana moto wake mwenyewe, anaazima wa nje ili asage chakula. Huyo wako anataka upande mmoja wa tangi uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27. Joto likishuka, panya anaanza kuoza tumboni kabla hajasagwa, nyoka anamtoa kujiokoa. Sasa usimpe kitu siku 14, maji safi tu. Ukianza tena mpe panya nusu ya yule. Na kipimo cha siku zote ni unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi, sio unene wa huruma yako. Mimi nilimpa wangu panya dume kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki dukani. Akamcheua usiku uleule.

Kipanga Mtoto
Siku 14 si unamuua kwa njaa? Mpe kesho asubuhi, kashatoa kila kitu, tumbo tupu.

Fundi Leicester
Chatu huyo anaweza kususa chakula miezi mizima na asipungue hata shingo. Akitapika, tindikali ya tumbo imetoka na panya na koo limeungua. Ukimpa kesho atatapika tena, na wengi hufia kwenye hiyo ya pili au ya tatu.

Mwl. Kidawa
Samahani, kucheua ni kwa ng'ombe na mbuzi. Nyoka anatapika.

Fundi Leicester
Mwalimu, panya akirudi mzima saa chache baada ya kumezwa, mimi naita kucheua, na mara nyingi nyoka kasumbuliwa au kamezeshwa kikubwa. Akirudi kaoza nusu, hapo ndipo katapika, tafuta baridi au ugonjwa. Ukiwa na neno bora lilete.

Mwl. Kidawa
Kutema.

Zamu ya Usiku
Kutema ni mate. Tusigeuze uzi darasa.

Mjukuu wa Magu
Huu uzi umenigusa pabaya. Mjomba wangu alikuwa mchezesha chatu, upande wa Bagika. Wanaojua Usukumani wanajua: msimu wa mavuno vikundi viwili vya ngoma vinashindana, Bagika huku, Bagalu kule, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mwaka 1998 niko darasa la nne, nimepewa kazi ya kulinda lile sanduku la mbao. Mjomba alikuwa hamlishi chatu wiki nzima kabla ya ngoma. Mimi nikaona ni ukatili. Nikajisemea, mtu anakwenda kucheza mbele ya umati hajala? Jioni ya kuamkia siku ya ngoma nikamtumbukizia jogoo.

Kesho yake jua la saa tisa, vumbi, ngoma zinatikisa ardhi. Mjomba kamzungusha chatu shingoni, kamwinua juu, watu wanapiga yowe, kwa Bagalu hakuna hata mbwa aliyebaki. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Nikaona shingo ya chatu inavimba, ile ya kurudi juu. Taya zikafunguka polepole, kikatoka kichwa, bawa limebanwa, halafu mwili wote ukamporomoka mjomba kifuani, umefunikwa ute kama sabuni ya kipande iliyolala kwenye maji. Mpiga ngoma mmoja alikimbia na ngoma yake. Watu wakaanza kusema ni mkono wa Bagalu, wametupiwa dawa. Dakika kumi umati mzima umehamia kule. Mimi nimekaa palepale, najua dawa ni jogoo.

Binti Ngamiani
Nimecheka mpaka bosi kaja kuniuliza 😂😂 Mjomba alikuja kujua?

Mjukuu wa Magu
Usiku uleule. Alihesabu kuku.

Raia Mwema Kweli
Na kibali cha chatu alikuwa nacho? Wanyamapori ni mali ya serikali, msisifie mambo haya.

Mjukuu wa Magu
Nenda kamuulize makaburini.

Jamaa wa Watamu
Mimi nilijitolea shamba moja la nyoka huku pwani ya Kenya. Sharti la kwanza tulilopewa: nyoka akila, usimguse kwa siku mbili. Aliyelivunja ni bosi mwenyewe, mgeni alitaka picha. Gauni la huyo mgeni lilikuwa jeupe. Yangu ni hayo.

Kipanga Mtoto
Mchemshie tangawizi.

Zamu ya Usiku
Na umpigepige mgongoni kama mtoto. Mgongo wenyewe sasa uanzie wapi?

Fundi Leicester
Mleta uzi, kukiwa na joto sahihi akatapika tena, funga matapishi kwenye mfuko upeleke pamoja na nyoka kwa daktari anayejua nyoka, apime vimelea. Akivimba katikati ya mwili wakati hajala, usisubiri. Na mtoto asimtoe kumwonyesha mtu.

Mzaramo wa Ohio
Hapo kwa mtoto ndipo penyewe. Kakiri: siku ileile ya kulisha alimtoa kuwaonyesha wenzake wawili, mmoja akamvisha kofia.

Mzaramo wa Ohio
Mrejesho. Tulisubiri siku 15, tumempa panya mchanga wa pinki mmoja tu. Leo siku ya nne, hajarudi. Dogo kila usiku anaingia na tochi kunusa tangi. Wife bado analala kwa dada yake.