Nimepangiwa kazi Liwale, wenyeji naomba hali halisi

Nesi_Mpya
Habari zenu wadau. Mimi ni muuguzi, ndo nimepata ajira yangu ya kwanza, barua inasema Halmashauri ya Wilaya ya Liwale, mkoa wa Lindi. Kwetu Moshi ukitoka mlangoni unamuona jirani yupo kwenye migomba yake, sasa nimefungua ramani naona pori tu, vijiji vimekaa kimoja huku kingine kule. Nimeangalia sensa ya 2012, wilaya nzima watu 91,380, najua wameongezeka tangu hapo, ila eneo lake ni kubwa kuliko mkoa wetu wote wa Kilimanjaro! Kwanini watu wachache hivyo, ardhi ni mbaya au? Na mgonjwa akizidiwa usiku kijijini inakuwaje? Mama tangu barua ifike halali vizuri. Siulizi ili nisiende, naenda, nataka nijue najiandaaje.

Mama_Zahanati
Hongera mdogo wangu. Nimekaa huko miaka minne zahanati ya kijijini, kijiji sikitaji. Safari yenyewe unapanda mabasi ya kusini pale Mbagala, Kibiti, daraja la Mkapa, Somanga, mpaka Nangurukuru, hapo lami inaendelea zake kwenda Lindi na nyie mnakata kulia mnaingia vumbi. Kiangazi unafika umechoka tu. Masika ni habari nyingine, ule udongo mweusi ukilowa gari linakaa mpaka tumbo. Sisi tulishalala njiani siku mbili, mama mmoja wa kijiji cha jirani akatuletea sufuria la ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, wala hakuwa anatujua, na hela akakataa.

Kuhusu usiku. Kuna dada alijifungua salama kwangu saa nne, saa tano damu ikaanza kutoka nyingi, nimempa sindano, nimekanda tumbo, haikati. Gari la wagonjwa lipo mjini na lilikuwa limepeleka mgonjwa mwingine. Tukachukua boda, tukamkalisha katikati, tukamfunga kwa kitenge kiunoni mwa dereva asidondoke, mimi nyuma nimeinua dripu juu kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimemshika kifuani nasikiliza kama anahema. Mkono wa dripu ulikufa ganzi na sikuthubutu kuubadilisha. Alifika mzima, mtoto yupo shule sasa. Siku hizi kuna m-mama, unapiga 115 bure wanakutafutia usafiri hata wa dereva wa kawaida, hiyo namba ibandike ukutani siku ya kwanza kabisa.

Alafu kitu kikubwa, ukiagiza dawa usiangalie idadi ya watu tu, angalia na barabara. Kwenye makaratasi utaonekana una watu wachache kwahiyo mahitaji madogo, lakini mvua zikianza Desemba kilichopo stoo ndo hicho hicho mpaka njia ipitike. Mimi sindano za kuzuia damu nilikuwa nazihesabu kila Ijumaa.

Mngindo_wa_Barikiwa
Dada karibu sana nyumbani. Ardhi sio mbaya, korosho inakubali, ufuta ndo usiseme, ukienda mnadani RUNALI (chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale) utaona magunia. Uchache wa watu una sababu zake na inaniuma watu wakidhani hatukuwahi kuwepo.

Vita ya Majimaji, boma la Wajerumani la Liwale lilichomwa Agosti 1905. Wajerumani waliporudi walichoma maghala na mashamba, njaa ikamaliza watu kuliko hata risasi. Alafu miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ikasema kuna ugonjwa wa malale, Wangindo, kabila letu, wakatolewa kwenye vijiji vyao na nchi ikaachiwa wanyama, pori la Selous likapanuka. Bibi yake baba alihamishwa akiwa msichana, mpaka anakufa alikuwa anataja miembe ya kwao mmoja mmoja. Ile kijani uliyoiona kwenye ramani, sehemu yake kuna makaburi yetu. Kwahiyo ukigawa watu kwa kilometa za wilaya nzima unagawia na tembo, sisi tunaishi ukingoni. Na tembo wenyewe wanakuja, wakiingia kwenye shamba la mahindi usiku mmoja tu wamemaliza chakula cha mwaka, kifuta machozi cha serikali unasubiri mpaka unasahau uliomba lini.

Mipango_Tz
Poleni kwa historia hiyo. Ila tuseme ukweli, huwezi kupeleka zahanati, maji na umeme kwa kaya arobaini hapa, kaya sitini kilometa ishirini mbele. Ushuru wa mazao asilimia 3 utajenga vingapi? Mimi naona watu washawishiwe wasogee kwenye vijiji vikubwa, huduma zitawafikia kwa bei nafuu.

Mngindo_wa_Barikiwa
Mkuu nakuheshimu ila hilo wazo lilishatupitia. Malale tulihamishwa, miaka ya 70 vijiji vya ujamaa tukasogezwa tena. Mkorosho ukiupanda unausubiri miaka mitatu minne ndo uanze kukupa kitu, na unazaa mpaka wajukuu wakute. Baba anao mia mbili na kitu, kila mmoja anaujua ulivyo, upi unawahi kutoa maua, upi unataka salfa mapema. Utamwambia asogee na mikorosho ibaki na nani? Tengenezeni barabara ipitike mwaka mzima, hapo hizo kilometa ishirini zitakuwa nusu saa.

Mama_Zahanati
Naungana na Mngindo. Yule dada wa boda angekaa kijiji kikubwa bado mto uliojaa ungemzuia. Tulivushwa na vijana sita, wamebeba pikipiki juu juu.

Nesi_Mpya
Asanteni mno, nimemsomea mama yote, hiyo ya boda nimeiruka kwanza. Ninaripoti mwezi ujao kabla ya mvua. Nitanunua tochi ya kichwani na buti za mpira. Mngindo, naomba unifundishe salamu ya asubuhi kwa Kingindo, nataka siku ya kwanza wamama wa kliniki niwasalimie kwa lugha yao.